Deni la Shahada: Ujira na Wajibu wa Afisa Utumishi katika Dar es Salaam, 1961 hadi Leo

Wahenga walisema ya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Walioitunga methali hiyo walikuwa wakifikiri mambo ya sokoni na ya nyumbani, wala hawakuijua shahada ya chuo kikuu. Hata hivyo hakuna neno linalofaa zaidi kuanzia habari za vijana wa Dar es Salaam waliosomea usimamizi wa rasilimali watu, yaani kazi ile ambayo katika ofisi za serikali mwenye kuishika huitwa Afisa Utumishi. Kijana wa Mbagala au wa Mwananyamala huingia chuoni kwa fedha za mkopo, huvaa joho siku ya mahafali mbele ya wazazi wake, kisha huanza kuhesabu: mshahara utakuwa kiasi gani, deni ni kiasi gani, na je, shahada ililingana na gharama yake? Hesabu hiyo huonekana kuwa ya mtu mmoja na mfuko wake. Lakini mwenye kuichunguza katika historia ataona ya kwamba deni la mwenye shahada halikuzaliwa pamoja na Bodi ya Mikopo. Lilikuwapo tangu miaka ya kwanza ya chuo kikuu. Kilichobadilika ni namna ya kulilipa, na ni nani atakayebeba hasara kazi ikikosekana.

Mwaka 1961, kabla ya Uhuru, vyuo viwili vilifunguliwa Dar es Salaam. Mwezi wa Julai kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari upande wa Kigamboni, kwa ajili ya kuwafundisha watu wazima uongozi na mambo ya nchi. Mwezi wa Oktoba kikafunguliwa chuo kikuu, nacho kilianza katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, kikitoa shahada chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi wake wa kwanza hawakufika 20, na wote walisoma sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia juu ya mlima, magharibi ya mji, mahali ambapo kwa miaka mingi palihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni na sasa pamo katika Ubungo.

Nchi changa ilikuwa na haja kubwa ya watu wa kushika nafasi za maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakiondoka. Kwa sababu hiyo serikali ilichukua mzigo wa kuwasomesha vijana hao, na waliofadhiliwa walifungwa kwa ahadi ya kuitumikia. Kijana alipomaliza, kazi ilikuwa ikimngoja. Hapakuwa na haja ya kupima shahada kwa mizani ya fedha, maana upande mmoja wa mizani ulikuwa mtupu: gharama hakuilipa yeye. Lakini gharama ilikuwapo, na aliyeilipa alijulikana. Alikuwa mkulima wa pamba, wa kahawa na wa mkonge. Mwalimu Julius Nyerere alipata kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akishiba asirudi, ni msaliti. Katika mfano huo deni limeshatajwa wazi, ijapokuwa halina tarakimu.

Tarakimu zilikuja mwaka 1966. Serikali ilitoa mpango wa kuwataka wahitimu wa vyuo walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka 2, na katika miezi 18 ya muda huo wafanye kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi waliona ya kwamba wanaonewa. Waliwatazama mawaziri na wakubwa wa serikali wenye mishahara minono, wakauliza kwa nini kujinyima kuanze kwao. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu, na baadhi ya mabango yao yalisema ya kwamba maisha ya wakati wa ukoloni yalikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa hasira. Alikubali ya kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa imezidi. Akautaja wake mwenyewe, shilingi 5,000 kwa mwezi, akaulinganisha na wa mtu maskini apataye shilingi 200, ambao ni sehemu moja tu kati ya 25. Akatangaza kuupunguza mshahara wake na wa wakubwa wenzake kwa asilimia 20. Wanafunzi 393 wakafukuzwa, nao wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha.

Mambo mawili ya kisa hicho yafaa kukumbukwa. La kwanza, deni la elimu lilipimwa kwa sehemu ya mshahara, kama linavyopimwa leo. La pili, mwanafunzi yule aliyekasirika hakuwa na shaka hata kidogo ya kwamba mshahara wenyewe utakuwapo. Serikali iliyomdai ndiyo iliyomwajiri. Kama ingeshindwa kumpa kazi, ingepoteza yenyewe. Mdai na mdaiwa walikuwa katika mashua moja.

Katika miaka hiyo kazi ya utumishi ilianza kukua. Baada ya Azimio, mabenki, viwanda na mashamba makubwa yaliingia mikononi mwa umma, na kila shirika likahitaji mtu wa kuajiri, kupanga vyeo, kutunza majalada na kusuluhisha ugomvi. Viwanda vya Chang'ombe na bandari upande wa Kurasini vilikuwa na wafanyakazi kwa maelfu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi, na wafanyakazi wa viwanda kadha vya Dar es Salaam wakawafungia milango mameneja wao. Basi kazi ya kusimama kati ya mwajiri na mwajiriwa haikuwa ya karani tena, ila ya mtu aliyefundishwa. Huko Mzumbe, karibu na Morogoro, shule ya serikali za mitaa iliyoanzishwa mwaka 1953 iligeuzwa mwaka 1972 kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, nacho kikawa kisima cha maofisa hao. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaongeza sharti ya kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Kwa hiyo aghalabu aliyefika chuoni alikuwa na kazi nyuma yake na kazi nyingine mbele yake.

Mpango huo uliharibika si kwa sababu ya wanafunzi, bali kwa sababu ya mfuko. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na kuanguka kwa bei za mazao viliiacha serikali bila fedha. Mwisho wa miaka ya 1980 iliamuliwa ya kwamba wananchi wachangie gharama za elimu ya juu. Mzazi alianza kwa nauli na ada ndogondogo, kisha tangu mwaka 1994 chakula na malazi vikageuka kuwa mkopo. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikipunguza watumishi wake kwa makumi ya maelfu, na ile desturi ya kumpangia kila mhitimu mahali pa kazi ikakoma. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Katika muongo mmoja ahadi ya kazi iliondolewa na deni la fedha likaingizwa. Mashua iligawanyika: mdai akabaki katika mashua yake, mdaiwa akapewa mtumbwi.

Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria mbili ambazo yafaa zisomwe pamoja. Sheria namba 6 ya mwaka huo ilikuwa ya ajira na mahusiano kazini. Sheria hiyo ilimtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na mwenye kudhulumiwa akapewa mahali pa kupeleka shauri lake, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tangu hapo mwenye kiwanda katika Temeke asiyekuwa na mtu aijuaye sheria hiyo alikuwa katika hatari ya kulipa fidia, na shahada ya rasilimali watu ikapata thamani mpya. Sheria namba 9 ya mwaka huohuo ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Kwa hiyo Bunge lilelile, katika mwaka uleule, lilimtengenezea Afisa Utumishi kazi kwa mkono mmoja na deni kwa mkono wa pili.

Vyuo navyo vikafuata. Somo la rasilimali watu halihitaji maabara, wala karakana, wala hospitali ya mazoezi. Mwalimu, chumba na ubao vyatosha kuanzia. Shahada hiyo ikafundishwa Mzumbe, iliyokuwa chuo kikuu kamili tangu mwaka 2001. Ikafundishwa katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, katika Kinondoni. Ikafundishwa katika Taasisi ya Uhasibu, kando ya Barabara ya Kilwa, katika Temeke, mahali ambapo hata kituo cha basi huitwa Uhasibu. Ikafundishwa pia Kigamboni, katika Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambacho ndicho kile Kivukoni cha mwaka 1961. Mwenye kupenda kutafakari atafakari jambo hilo: palepale palipofundishwa ya kwamba msomi ni mdaiwa wa taifa, sasa pana vijana wenye deni la shilingi na senti.

Walakini si wote waliopata mkopo sawa. Bodi iliwatanguliza wasomao ualimu wa sayansi, udaktari na uhandisi, na masomo ya biashara na utawala yakawekwa nyuma yao. Tena kila mwombaji alipimwa uwezo wa wazazi wake, akapewa sehemu. Mwaka 2007 wanafunzi wa Mlimani waligoma wakipinga sharti ya kujilipia asilimia 40, na wengi hawakuwa na mahali pa kuipata. Msomaji atakumbuka asilimia 40 ya mwaka 1966. Ile ilikuwa sehemu ya mshahara ambayo kijana angepokea. Hii ilikuwa sehemu ya gharama ambayo alitakiwa kutoa kabla ya kupokea mshahara wowote.

Kisha ukaja mwaka 2016. Marekebisho ya sheria yaliyafanya makato ya kila mwezi kuwa asilimia 15 ya mshahara, ambapo zamani yalikuwa 8. Waliokopa zamani walilalamika ya kwamba walitia saini kwa kiwango kimoja na kukatwa kwa kingine. Juu ya hayo palikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, na faini ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Na mwezi wa Juni mwaka huohuo serikali ilisimamisha ajira mpya na kupandisha vyeo ili kuwahakiki watumishi wake. Uhakiki ulikuwa na sababu, maana mwezi wa Aprili 2017 walitangazwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini mhitimu mwenye cheti halali aliyekaa Tandika akingoja tangazo la kazi alikutwa na mambo mawili kwa pamoja: mlango umefungwa na deni linakua.

Hebu yapimwe kwa tarakimu. Achukuliwe kijana wa kubuni mwenye deni la shilingi 9,000,000. Kwa kanuni zilizokuwapo kabla ya mwaka 2021, tozo ya asilimia 6 juu ya deni hilo ilikuwa shilingi 540,000 kwa mwaka. Akikaa miaka 3 bila kazi, tozo peke yake, ikihesabiwa kwa deni la asili tu, hufika 1,620,000, na faini ya asilimia 10 ni 900,000. Deni limekuwa 11,520,000, bila ya kuongezewa somo hata moja. Akipata kazi ya shilingi 700,000 kwa mwezi, asilimia 15 ni 105,000. Deni la asili lingemchukua miezi 86, lakini hilo lililovimba litamchukua miezi 110. Basi miaka 3 ya kukosa kazi imemgharimu miaka 2 zaidi ya kulipa. Yeye ambaye hasara ilikwisha kumpata ndiye aliyetozwa hasara nyingine.

Serikali yenyewe ililiona jambo hilo. Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za wafanyakazi huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ya asilimia 6, na mwaka huohuo faini ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Makato ya asilimia 15 yalibaki.

Sasa apimwe kijana wa baadaye, aliyesoma kati ya mwaka 2022 na 2025. Fedha zake za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, zilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, na kwa siku 240 za mwaka ni 2,400,000, yaani 7,200,000 kwa miaka 3. Ikiongezwa sehemu ya ada na vitabu, deni lake tuseme ni 9,000,000. Katika miaka hiyohiyo ndugu yake asiye na shahada alikuwa mhudumu wa ofisi ya serikali kwa kima cha chini cha 370,000. Kutokana na hizo alikatwa pensheni ya asilimia 5, bima ya afya ya asilimia 3 na kodi ya mapato, akabakiwa na 333,880 kwa mwezi. Kwa miaka 3 alipokea 12,019,680. Basi siku ya mahafali mhudumu yu mbele ya msomi kwa shilingi 4,819,680.

Msomi akiajiriwa mara moja kwa 700,000, hukatwa pensheni 35,000, kodi 49,000, bima 21,000 na mkopo 105,000, akabakiwa na 490,000. Amemzidi ndugu yake kwa 156,120 kila mwezi, naye atamfikia baada ya miezi 31. Miaka yote inayofuata ni faida. Kwa hesabu hiyo shahada ni mali, na wasemao ya kwamba haina maana wamekosea. Lakini kila mwaka anaongoja kazi, mhudumu hupokea 4,006,560 na msomi hapokei kitu, na kulifuta pengo la mwaka mmoja huhitaji miezi mingine 26. Akingoja miaka 3, itambidi afanye kazi zaidi ya miaka 8 ndipo awe sawa na ndugu yake asiye na shahada. Tena tangu Julai 2025 kima cha chini serikalini ni 500,000, na kama mishahara ya juu haikupandishwa kwa kiasi kinacholingana, pengo la faida huwa jembamba zaidi. Kwa hiyo kinachoipa shahada hasara au faida si ukubwa wa deni. Ni urefu wa kungoja.

Na kungoja katika Dar es Salaam si jambo la kukaa bure. Mji uliokuwa na watu 128,742 mwaka 1957, mkoa wake ulikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Kijana aliyemaliza chuo hupanga chumba Mbagala, Tandale au Manzese, na mwenye nyumba aghalabu hutaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kila mwaliko wa usaili una nauli yake, nakala zake za vyeti na shati lake la kupigwa pasi. Wengi huuza vocha, huendesha bodaboda au husimamia duka la jamaa. Sheria haimsahau hata huyu, maana aliyejiajiri naye hutakiwa kulipa kila mwezi. Tena yupo mzazi aliyeuza kiwanja ili kujaza sehemu ambayo mkopo haukuifikia. Deni lake halimo katika daftari la Bodi, na hakuna Rais awezaye kulifuta.

Ni haki kuusikiliza upande wa pili. Fedha zinazorudishwa ndizo zinazokopeshwa kwa mwanafunzi wa mwaka ujao, na mara nyingi huyo naye ni mtoto wa maskini. Mkulima ambaye hatasoma chuo kikuu hana sababu ya kumlipia bure mtu atakayemzidi mapato. Hoja hiyo ndiyo ile ya Mwalimu ya mfano wa kijiji chenye njaa, nayo haikuanguka. Makato ya zamani ya asilimia 8 yalikuwa madogo mno kwa mfuko huo: kwa mshahara wa 700,000 yalileta 672,000 kwa mwaka, na tozo ilipotolewa deni lile la 9,000,000 lilipungua kwa 132,000 tu. Mpango wa namna hiyo haumsaidii mdai wala mdaiwa. Lakini katika mfano wa kijiji, wanakijiji walimpa mtu wao chakula wakamwonyesha na njia. Hawakumpa chakula wakamwambia atafute njia mwenyewe, kisha wamwongezee deni kwa kila siku aliyopotea. Tozo iliyofutwa mwaka 2021 ilikuwa ya namna hiyo, na kufutwa kwake ni kurudi hatua moja katika haki ya zamani. Hatua iliyobaki ni ngumu zaidi, nayo ni kuulizana kama idadi ya wanaosomeshwa kazi fulani ina uhusiano wowote na idadi ya kazi zenyewe, na kama chuo kinachopokea ada kibebe sehemu gani ya hasara mwanafunzi wake akikosa nafasi. Mwaka 1966 swali hilo lilikuwa na jibu. Tangu miaka ya 1990 limeachwa mlangoni kwa kijana.

Na anayeliona swali hilo kwa karibu kuliko wote ni Afisa Utumishi mwenyewe. Maana sheria imemtaka mwajiri aipashe Bodi habari ndani ya siku 28 kila anapomwajiri mhitimu, na kumkata fedha kila mwezi. Katika kiwanda cha Chang'ombe au ofisi ya Kinondoni, kazi hiyo hufanywa na mtu wa utumishi. Yeye ndiye anayemweleza mwajiriwa mpya kwa nini mshahara wa kwanza umekuja pungufu. Yeye ndiye anayepokea barua za maombi kwa mamia kwa ajili ya nafasi moja, nyingi zikitoka kwa watu wenye shahada kama yake, na ndiye anayeziweka kando. Na mwisho wa mwezi, akiandaa orodha ya wadaiwa ili ipelekwe Bodi, hufika mahali akaandika jina lake mwenyewe, na mbele yake shilingi 105,000.